Kugema Kidole

Baba alipanda mnazi mara mbili kwa siku,
alfajiri na magharibi, kotama kiunoni,
akachanja karara kipande chembamba kama ukucha
na kushuka na kibuyu kilichotonewa usiku kucha.

Mimi sipandi popote.
Nakaa kigodani, Muyeye, nyuma ya nyumba,
karibu na pipa la maji,
na kwa sindano fupi kuliko haya zangu
nagema kidole.
Asubuhi. Jioni. Tone moja.
Kijimashine kinawaza kidogo, kisha kinatamka:
kumi na moja nukta nne.

Miaka ishirini na sita nilimiminia watu
kwenye kaunta ya hoteli ambayo sasa ina popo.
Mililita ishirini na tano, wala tone zaidi;
wenzangu wakaniita Bwana Kipimo.
Signora Ornella, mjane, mabega mekundu kwa jua,
aligonga glasi yake kwa ukucha:
"Baya, moja tu kwa siku. Nyekundu. Dawa ya moyo."
Nikacheka kama mhudumu anavyocheka.
Alikuwa na miaka themanini na miwili,
anaogelea hadi mwambani na kurudi kabla ya chai.
Nani angembishia?

Sasa moyo wangu nao una faili.
Jumanne, kliniki ya sukari, nikamuuliza Sista Mbeyu
habari ya ile moja ya Signora.
Akaifunika kalamu kwanza.
"Wapo waliohesabu watu maelfu kwa maelfu," akasema,
"wakaona wanaokunywa kidogo mioyo yao inadumu
kuliko ya wasiokunywa kabisa.
Lakini uliza, hao wasiokunywa ni akina nani?
Wengine waliacha kwa kuwa walikwisha kuugua.
Ukiwapanga mstari mmoja na wazima
utasema maji ndiyo yaliyowaua."
Akaifunua kalamu.
"Asiyekunywa simwambii aanze.
Wewe unayekunywa, kidogo chako ni kipi?"

Nikanyamaza, mimi Bwana Kipimo.
Kidogo cha kaunta kina mstari.
Kidogo cha matangani kule Ganda ni mboko,
na mboko haijazwi na mnywaji,
inajazwa na shemeji.
Kidogo cha mtu aliyefungiwa hoteli
hakina mstari ubavuni.

Miezi mitatu nilikwenda sawa.
Saba. Sita nukta nane. Saba.
Sista akanipigia makofi mbele ya foleni nzima.
Mgema alisifiwa.
Lililofuata mnalijua.

Ila mimi sikutia maji. Nilitia tembo,
la jioni, kali, juu ya tumbo tupu na vidonge.
Saa nane usiku nikaamka nimelowa jasho,
ulimi mzito, jina la mke wangu limenipotea.
Dama akanigema kwa mwanga wa simu:
mbili nukta tisa.
Yeye aliyeificha sukari juu ya kabati miaka minne
akapanda kiti kuishusha,
akanilisha kijiko kwa kijiko,
akilia, akinitukana kwa Kigiriama,
matusi ya bibi yake, mengine nilikuwa sijayasikia.

Baba alisema tembo la alfajiri hata mtoto hulilamba.
Likikaa, hula utamu wake lenyewe,
na jua likizama limekuwa kitu kingine.
Damu yangu ni tembo la alfajiri
lililosahau kuchacha.
Na dawa yake siijui kwa mboko.

Siku hoteli ilipofungwa niliondoka na kipimo cha bati,
kile cha mililita ishirini na tano,
ndani ya soksi.
Jioni nyingine, baada ya ugali na mchicha na kipande cha changu,
nilikuwa nakijaza mara moja, nakifuta, nakirudisha.
Wiki iliyopita Dama amekitwaa.
Anapimia mafuta ya kupikia.
Sijamwomba anirudishie.
Wala sijaapa kwamba sitamwomba.